Nyumba ya Shangazi na Foleni Iliyobaki Nje

REHEMA: Asalaam aleikum, na karibuni tena barazani, mlioko Barking, Reading, Leicester, na nyinyi mnaotusikiliza kutoka nyumbani. Mimi ni Rehema, niko na kaka yangu Shaabani. Leo ni nyumba za kaunsili hapa Uingereza, yaani zile zinazopangishwa na serikali ya mtaa, na ile haki ya mpangaji kununua nyumba anayoishi kwa bei iliyopunguzwa. Shaabani, wiki hii simu zimelia.

SHAABANI: Zimelia kweli, dada. Na wengi swali lao moja: bado inawezekana? Scotland walifunga 2016. Wales wakafunga Januari 2019. England bado unaweza, lakini tangu tarehe 21 Novemba 2024 punguzo limekatwa vibaya sana. Sehemu kubwa ya London sasa unapunguziwa pauni 16,000, basi. Barking and Dagenham na Havering ndizo zilizobaki na 38,000. Siku moja kabla ya hapo, London punguzo lilifika pauni 136,000 na ushei.

REHEMA: Ndiyo maana watu walikimbizana na fomu siku zile za mwisho.

SHAABANI: Walikimbizana usiku na mchana. Mtu amepanga miaka 20, anaambiwa mlango unafungwa, utamlaumu?

REHEMA: Simlaumu. Turudi nyuma kidogo, maana vijana wengi hawajui ilikoanzia.

SHAABANI: Ilianza kwa nguvu mwaka 1980, Margaret Thatcher alipokuwa waziri mkuu. Sheria ilipita Agosti mwaka huo. Wakati huohuo Thatcher akaenda Harold Hill, huku mashariki ya London, akaingia kwenye nyumba ya familia iliyonunua, akanywa nao chai mbele ya kamera. Nyumba ile iliuzwa pauni 8,315.

REHEMA: Elfu nane! Nyumba nzima!

SHAABANI: Nyumba nzima, yenye bustani. Hesabu ilikuwa hivi: ukiwa umepanga miaka 3, unapunguziwa asilimia 33 ya bei. Kila mwaka unaoongezeka, asilimia 1 zaidi, mpaka nusu ya bei. Baadaye fleti zikafika hadi asilimia 70, kwa sababu watu hawakuzichangamkia kama nyumba za chini.

REHEMA: Hapa niseme la kwangu. Shangazi yangu alinunua fleti yake mwaka 2001, ghorofa ya saba. Barua ya kaunsili ninaikumbuka, tuliisoma mezani, mimi ndiye niliyekuwa namtafsiria. Thamani pauni 82,000. Punguzo 38,000. Unalipa 44,000. Aliishika ile barua akakaa kimya muda mrefu. Alikuwa anasafisha ofisi za watu tangu saa tisa usiku, miaka kumi na zaidi.

SHAABANI: Alisaini papo hapo?

REHEMA: Hapana! Kilichomzuia ni riba. Alisema hawezi kuingia kaburini na mkopo wa riba. Mwishowe kijana wake mkubwa akaingia kwenye hati pamoja naye, mkopo akaubeba yeye.

SHAABANI: Hilo nalo watu walijue. Mpangaji anaweza kununua pamoja na jamaa zake hadi watatu, mradi wawe wameishi naye miezi 12. Lakini asikudanganye mtu wa nje anayebisha hodi na kusema, "Mimi nitakulipia, wewe saini tu." Nimewaona wazee waliosaini. Ukiuza ndani ya miaka 5, kaunsili inadai irudishiwe punguzo lote au sehemu yake, na anayedaiwa ni wewe, si yule aliyebisha hodi.

REHEMA: Sasa, shangazi alipopata hati tulipika biriani, majirani wakaja. Mlango aliupaka rangi ya kijani siku ileile, maana kabla ya hapo alikuwa haruhusiwi kuubadilisha rangi. Furaha ile siwezi kuikana. Lakini miaka michache baadaye ikaja barua nyingine. Paa la jengo, madirisha, lifti. Sehemu yake pauni 14,000.

SHAABANI: Na yeye hakujua?

REHEMA: Alijua kuna ada ya kila mwaka. Kwamba ukinunua fleti bado jengo ni la kaunsili, na matengenezo makubwa mnagawana, hilo hakuna aliyemkalisha chini akamweleza. Alirudi kufanya kazi ya zamu mbili akiwa na miaka 61.

SHAABANI: Kuna ukomo wa malipo uliowekwa 2014, unaitwa Sheria ya Florrie: pauni 15,000 London na 10,000 kwingine, katika kila miaka 5. Lakini ni pale tu kazi inapogharimiwa na fedha za serikali kuu. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kabla hujasaini, ulizia kazi zilizopangwa kwenye jengo miaka mitano ijayo. Zipo kwenye ile barua ya bei. Watu husoma bei, wanaziacha kurasa za nyuma.

REHEMA: Mimi donda langu liko kwingine. Zimeuzwa nyumba karibu milioni 2 England peke yake. Zilizojengwa badala yake ziko wapi?

SHAABANI: Fedha hazikurudi kwenye matofali. Kuanzia 1990 kaunsili zililazimishwa kutenga asilimia 75 ya mauzo kulipia madeni. Ungetaka kujenga, ungejenga kwa fedha gani? Ni 2024 tu ndipo wakaruhusiwa moja kwa moja kubaki na fedha zote za mauzo. Na wakati huo kaya zaidi ya milioni 1.3 zimo kwenye orodha za kusubiri.

REHEMA: Na fleti nyingi zilizouzwa leo zinapangishwa na watu binafsi. Mlango wa pili kwa shangazi, jirani aliuza, akaja mnunuzi ana fleti kadhaa. Kodi ya pale ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kaunsili, lifti ileile, ngazi zilezile.

SHAABANI: Tangu 2021 Meya Sadiq Khan amezipa kaunsili za London fedha za kuzinunua tena, kwa bei ya soko.

REHEMA: Zao wenyewe.

SHAABANI: Zao wenyewe. Hata kwetu Tanzania serikali ilipouza nyumba zake kwa watumishi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, lawama hazijatulia hadi leo. Dada, kwa hiyo unamwambiaje anayepiga simu? Anunue?

REHEMA: Kama nyumba ni ya chini, umeijua, na malipo unayaweza, siwezi kumwambia mtu asiinunue paa ya watoto wake. Ningekuwa mwongo, maana mimi nilikula ile biriani. Ila nakwambia na hili. Mjukuu wa shangazi, yule aliyekuwa na miaka saba tulipoupaka mlango rangi, sasa ana mke na watoto wawili. Yumo kwenye orodha ya kaunsili ileile. Wamewekwa makazi ya muda, chumba kimoja, bafu wanatumia familia nne.

SHAABANI: Subhanallah.

REHEMA: Kila Jumamosi anawapakia watoto kwenye basi, anawaleta ghorofa ya saba kwa bibi yao, waoge.