Jinsi ya Kupanga Sprinti na Toleo la Programu Kabla ya Ramadhani

Assalaam aleikum, karibuni. Leo tunapanga kazi ya timu ya programu, tangu orodha ya kwanza hadi siku ya kutoa toleo, yaani programu iliyo tayari kwa watumiaji. Mfano wetu ni duka la viungo pale Marikiti, Mombasa. Mteja aliye Kisauni achague iliki na bizari ya pilau kwenye simu, alipe kwa M-Pesa, bodaboda amletee. Mwenye duka anataka programu ianze kutumika kabla ya Ramadhani. Tarehe hiyo haisogei, kwa hiyo kitakachosogea ni ukubwa wa kazi.

Hatua ya kwanza, andikeni orodha. Kila kazi iwe na kikaratasi chake, kwa maneno ya mteja. Tazama hiki: "Mteja analipa kwa M-Pesa na kupata risiti." Ukiandika "tengeneza hifadhidata", mwenye duka hataweza kukwambia kama ni ya haraka au ingoje. Kipi kikae juu na kipi chini huamuliwa na mtu mmoja, anayeitwa "mwenye bidhaa", yaani mwenye kauli ya mwisho juu ya kinachojengwa kwanza.

Hatua ya pili, pimeni ukubwa kwa pointi, yaani alama za kulinganisha kazi moja na nyingine: 1, 2, 3, 5, 8, 13. Kila mtu achague karata yenye namba mojawapo kimyakimya, kisha mfunue kwa pamoja. Njia hii ilielezwa na James Grenning mwaka 2002. Kwenye kikaratasi chetu cha M-Pesa, tuseme mmoja katoa 3, mwingine 13. Msichukue namba ya katikati! Mwulizeni wa 13 ameona nini. Atawaambia: mteja ameshakatwa pesa, lakini jibu la malipo halijafika kwenye mfumo wetu, naye anabonyeza tena. Akalipa mara mbili. Sasa kateni kikaratasi hicho viwili: malipo ya kawaida, na malipo yaliyokwama. Mimi naona mazungumzo hayo yana thamani kuliko pointi zenyewe.

Hatua ya tatu ni sprinti, kipindi kifupi cha kazi chenye mwisho maalumu. Mwongozo wa Skramu (njia ya timu kufanya kazi kwa sprinti), wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland, unasema isizidi mwezi mmoja. Sisi tunachukua wiki mbili. Anzeni na lengo: "Mteja aweze kuagiza na kulipia bidhaa moja, mwanzo hadi mwisho." Halafu wanaoandika programu wachague wenyewe vikaratasi wanavyoviweza, meneja asiwaongezee. Kubalianeni pia "imekwisha" ni nini: mwenzako ameikagua, na imejaribiwa kwenye simu ya bei nafuu, mtandao ukiwa dhaifu. Kikaratasi kilichobaki nusu kinahesabiwa sifuri.

Hatua ya nne, toleo. Hapa tulieni na kalamu. Tuseme sprinti tatu zilizopita mlimaliza pointi 18, 22 na 20. Zimebaki pointi 100, na Ramadhani iko wiki 8 mbele, yaani sprinti 4. Kwa wastani wa 20 mtamaliza 80. Msipange 25 kwa kila sprinti eti watu watajitahidi, wala msipunguze majaribio. Chukueni kasi ndogo, yaani pointi za sprinti iliyomaliza chache: 18 mara 4, ni 72. Kubwa, 22 mara 4, ni 88. Hesabu pointi kuanzia juu ya orodha, chora mstari zinapofika 72 na mwingine zinapofika 88. Vikaratasi vilivyo juu ya mstari wa 72, mwahidi mwenye duka. Kati ya mistari hiyo miwili, mwambie huenda vikaingia. Chini ya mstari wa 88, ni baada ya Idi, na aambiwe leo, si wiki ya mwisho.

Hatua ya tano, kila sprinti ikiisha mpeni mwenye duka programu yenyewe mkononi aitumie, msimwonyeshe picha. Pigeni hesabu upya kwa kasi mpya, msogeze mistari. Akitaka kuponi za punguzo zipande juu, mwulizeni ni kikaratasi gani chenye pointi kama hizo kishuke. Akikitaja, vibadilisheni papo hapo mbele yake.