Karnak na Luxor Pamoja na Wazee na Watoto: Hekalu Husomwa kwa Miguu

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, hamjambo. Mada ya leo ni safari ya familia kwenye mahekalu ya kale. Mahekalu duniani ni mengi mno, na mazungumzo ya kurukaruka hayamsaidii mtu anayetaka kufunga mizigo. Kwa hiyo nitakaa mahali pamoja: Luxor, kusini mwa Misri, kwenye ukingo wa Mto Naili.

Niseme mapema ninakoelekea. Familia nyingi huharibikiwa safari hii kwa kutaka kuona kila kitu. Ratiba ya kawaida inayouzwa hubana eneo la mahekalu la Karnak, hekalu la Luxor, Bonde la Wafalme lenye makaburi ya mafarao, hekalu la Malkia Hatshepsut na masanamu ya Memnon, yote ndani ya siku moja. Ikifika saa nane mchana bibi amejikalia kivulini na hainuki, mdogo analia, na kijana ukimuuliza ameona nini atakwambia, "Mawe." Ana haki. Hakuna aliyemwonyesha namna ya kuyasoma. Pangeni siku tatu kamili, ikiwezekana nne, na kila siku iwe na hekalu moja kubwa tu, asubuhi. Mengine ni ya ziada.

Sasa, hekalu lenyewe. Tutoe kwanza fikra ya msikiti au kanisa, yaani nyumba ya waumini kukusanyika. Hekalu la Misri ya kale lilikuwa makao ya mungu. Sanamu yake ilikaa katika chumba cha ndani kabisa, gizani, na kila siku makuhani waliojiosha na kunyoa waliingia kuivisha na kuiandalia chakula. Raia wa kawaida aliishia nje, au uani siku ya sikukuu. Ukilijua hilo, ramani nzima inajieleza: kwanza lango la minara miwili mipana, kisha ua ulio wazi juu, kisha ukumbi wa nguzo, kisha vyumba vidogo hadi patakatifu. Unavyozidi kuingia, sakafu inapanda, dari inashuka, na mwanga unapungua. Wape watoto kazi hiyo: mmoja ahesabu ngazi na miinuko, mwingine aangalie dari.

Karnak ni kubwa mno kwa somo la kwanza. Wafalme waliijenga, wakaibomoa na kuiongeza kwa zaidi ya miaka 1,500, na mpango wake umevurugika. Ndiyo maana nashauri mkishapita langoni mwende kwanza kwenye hekalu dogo la mungu Khonsu, pembe ya kusini-magharibi ya eneo hilohilo. Ni dogo, limekamilika, watu si wengi, na hatua zote nilizotaja zinaonekana kwa mwendo wa dakika chache. Waongozaji wengi hulipita. Waombeni msimame hapo nusu saa, halafu ndipo mrudi kwenye njia kuu mkiwa tayari mnajua mnachokitafuta.

Kwenye njia kuu, kabla ya kuuvuka ua wa kwanza, geukeni nyuma mtazame lango mlilopitia, upande wa mnara wa kusini. Mtaona lundo la matofali ya udongo limeegemea ukuta. Hilo ni salio la mteremko waliotumia wajenzi kupandishia mawe. Lango hilo halikumalizwa, kwa hiyo jukwaa la kazi halikuondolewa. Kijana yeyote anayeuliza "walipandishaje mawe?" anapata sehemu ya jibu pale, bila nadharia za viumbe wa angani.

Ukumbi wa nguzo ndio watu wanaoufuata. Una nguzo 134. Zile 12 za katikati zina urefu wa takriban mita 21, na 122 za pembeni ni fupi zaidi. Tazameni vichwa vyake. Za katikati zimechongwa kama mafunjo yaliyochanua, za pembeni kama mafunjo ambayo bado ni vichipukizi. Sababu yake ni mwanga: paa la katikati lilikuwa juu zaidi, na pale lilipopishana na paa za pembeni paliwekwa madirisha ya wavu wa jiwe, yakaruhusu jua liingie katikati tu. Ua la mafunjo hufunguka penye jua. Baadhi ya wavu hizo zingalipo, ukiinua macho utaziona.

Hapo pia fundisheni macho kutofautisha nakshi za aina mbili. Upande wa kaskazini, kazi ya Farao Seti wa Kwanza, picha zimetokeza juu ya uso wa ukuta. Fundi alipunguza jiwe lote la kuzunguka na kuacha umbo. Upande wa kusini, kazi ya mwanawe Ramses wa Pili, picha nyingi zimezama ndani ya jiwe. Kwa kawaida nakshi ya kuzama iliwekwa nje, maana jua kali hutia kivuli kwenye mfereji na picha ikasomeka. Ya kutokeza iliwekwa ndani kwenye mwanga hafifu. Ya kuzama pia ni ya haraka zaidi, na Ramses alikuwa mtu wa haraka. Guseni kwa macho, si kwa vidole. Jiwe la Karnak ni jiwe la mchanga. Maji ya ardhini yenye chumvi hupanda ndani yake, hukauka usoni, na fuwele za chumvi huibandua ngozi ya jiwe kutoka ndani. Tangu Bwawa Kuu la Aswan likamilike mwaka 1970, mafuriko ya kila mwaka yamekoma na mashamba humwagiliwa mwaka mzima, hivyo tatizo likakua hadi ikabidi kufanywe mradi wa kushusha maji ya ardhini. Sehemu inayoonekana imara inaweza kuwa imebaki ganda tu. Oktoba 1899 nguzo 11 za ukumbi huu zilianguka, na mtaalamu wa mambo ya kale ya Misri Georges Legrain akatumia miaka kuzisimamisha upya.

Mbele zaidi kuna obeliski ya Malkia Hatshepsut, yaani nguzo ndefu yenye ncha, jiwe moja la matale mekundu kutoka Aswan, karibu mita 30 kwenda juu. Maandishi ya chini yake yanadai ilichongwa kwa miezi saba. Ni ndefu mno kuonekana vizuri, shingo zinauma. Afadhali mwende kando ya ziwa takatifu, ambako kipande cha juu cha obeliski pacha iliyoanguka kimelazwa ubavu. Hapo ncha iko usawa wa macho ya mtoto, na kila mstari wa patasi unaonekana. Jirani yake kuna mbawakawa mkubwa wa jiwe, mdudu wa mungu jua, ambaye watalii humzunguka kwa bahati njema. Hiyo ni desturi ya juzi tu, haina uhusiano na makuhani. Watoto lakini huifurahia, na kuizunguka si dhambi.

Kuhusu saa na miili. Msimu ni Oktoba hadi Aprili. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, na kwa mzee mwenye shinikizo la damu hilo halina mjadala. Malango makubwa hufunguliwa saa 12 asubuhi, muwe pale. Saa tano mmekwisha toka, mmerudi hotelini, mmelala. Kila mtu lita moja na nusu ya maji kwa asubuhi hiyo, kofia pana, viatu vya kufunga. Ardhi ina changarawe na mawe yaliyolika, kigari cha mtoto chenye magurudumu madogo hukwama, kwa hiyo kumbeba mgongoni kwa kitenge ni bora. Anayetumia kiti cha magurudumu ataweza kufika sehemu kubwa ya njia kuu, pembeni atahitaji mikono miwili yenye nguvu.

Kabla ya safari: angalieni viza ubalozini, si kwa kuulizana. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo asiache kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imepita siku 10. Anayetoka Tanzania aichukue pia, haina uzito. Kutoka Kairo hadi Luxor ni saa moja kwa ndege, au usiku mzima kwa treni. Tiketi za mahekalu makubwa siku hizi wageni hulipa kwa kadi ya benki, noti hukataliwa dirishani. Muwe na kadi mbili za watu tofauti, maana moja ikigoma familia nzima husimama juani. Mwanafunzi aje na kitambulisho kinachosomeka kwa Kiingereza, hupunguziwa nusu.

Ng'ambo ya magharibi ndiko kwenye makaburi. Tiketi ya kawaida ya Bonde la Wafalme huruhusu makaburi matatu, na hapa ndipo wazee huumizwa kwa uchaguzi mbaya. La Thutmose wa Tatu ni zuri, ila mnapanda ngazi kali za chuma nje na kushuka nyingine ndani, na hewa ni nzito. La Ramses wa Nne liko karibu na mlango, mteremko wake ni mpole, dari yake imepambwa kwa miili miwili mirefu ya mungu wa kike Nut. Anzeni nalo. La Farao Tutankhamun, lililogunduliwa na kundi la mwanaakiolojia Mwingereza Howard Carter mwaka 1922, lina tiketi yake ya ziada; ni dogo, na kwa maoni yangu fedha hiyo ni afadhali ilipiwe kaburi la Ramses wa Sita.

Hekalu la Hatshepsut huko Deir el-Bahari linatazama mashariki, na mwamba nyuma yake hurudisha joto, kwa hiyo ni la alfajiri au liachwe. Kutoka dirisha la tiketi kuna gari dogo la umeme, msione haya kulipanda. Kwa watu wa Afrika Mashariki kuna jambo moja la kutolipita: baraza la ghorofa ya kati, upande wa kushoto mkiwa mnalitazama hekalu. Ukuta unaonyesha msafara wa meli kwenda nchi ya Punt, ambayo watafiti wanaiweka kusini mwa Bahari ya Shamu, kuelekea Eritrea na Pembe ya Afrika. Zipo nyumba zimejengwa juu ya nguzo na ngazi za kupandia, zipo nyani, na ipo miti ya manukato inayobebwa mizimamizima na udongo wake ndani ya vikapu vilivyoning'inizwa kwenye miti ya kubebea. Ubani ule unaofukizwa mpaka leo Mogadishu, Lamu na Unguja ndio aina ya bidhaa iliyowavuta. Mwangalieni pia mke wa mkuu wa Punt, mwili wake umechongwa kwa ukweli usio wa kawaida. Kipande cha asili kiko makumbusho ya Kairo.

Hekalu la Luxor, lililo katikati ya mji, liwekeeni jioni. Hubaki wazi baada ya magharibi, na taa za chini zinafanya nakshi za kuzama zisomeke kuliko mchana. Juu ya ua wa Ramses kuna msikiti wa Sheikh Abu al-Haggag, na mlango wake wa zamani unaning'inia hewani, mita kadhaa juu ya sakafu ya hekalu. Msikiti ulipojengwa ua ulikuwa umefukiwa, na ule mlango ulikuwa usawa wa ardhi. Wachimbaji wakaondoa udongo, mlango ukabaki juu. Leo mnaingilia upande wa mjini. Vueni viatu, akina mama wajifunike nywele, msiingie wakati wa swala kama hamsali. Ndani mtaona nguzo za mafarao na maandishi yake zimo kwenye kuta za msikiti.

Katikati ya Shaabani mji huu hufanya maulidi ya sheikh huyo, na mashua huzungushwa mitaani kwa maandamano. Zamani, katika sikukuu ya Opet, sanamu za miungu Amun, Mut na Khonsu zilibebwa ndani ya mashua kutoka Karnak hadi hekalu hili. Waongozaji watawaambia ni kitu kilekile kimeendelea. Kufanana kupo, mnyororo wa ushahidi kwa karne zote hizo haupo, na mashua katika mji wa mto si ajabu. Kama tarehe zinawaruhusu, nendeni mkaone wenyewe. Njia ya masfinksi, yaani sanamu za simba wenye kichwa cha mtu au cha kondoo, ya takriban kilomita 2.7 inayounganisha mahekalu hayo mawili ilifunguliwa upya Novemba 2021. Haina kivuli, tembeeni kipande chake jioni.

Chakula hakitawatisha. Mulukhia ni mlenda, mmea uleule, umekatwakatwa laini na kutiwa kitunguu saumu na giligilani. Karkadee ni ile choya yetu. Ulizeni mkate wa shamsi, ambao unga wake huumushwa juani kabla ya kuokwa. Ni wa Misri ya Juu, yaani kusini.

Mwisho, bakshishi. Walinzi wa mahekalu watakuiteni kwenye kona "ya siri", kisha watanyoosha mkono. Mkikubali huduma, lipeni kidogo. Hamtaki, semeni "la, shukran" na msisimame. Kwenye hekalu la mungu Ptah huko Karnak, lakini, mlinzi akifungua chumba cha sanamu ya mungu wa kike Sekhmet chenye tundu moja la mwanga darini, mpeni bila kusita. Gari la farasi na mashua za tanga hupatanwa bei kabla ya kupanda, nanyi semeni wazi ni bei ya wote, si ya kila kichwa, na ni kwenda na kurudi. Kuvuka tu kwenda ng'ambo, pandeni pantoni ya wananchi iliyo karibu na hekalu la Luxor: ni rahisi, na watu wa mji ndio mtakaokaa nao benchi moja.