Uhura Achaguliwe Kwanza

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mlioacha mpira wa Jumamosi mkaja kukaa kwenye viti hivi vigumu: wanaostahili shikamoo nawaamkia, na wengine nawasalimu.

Mada niliyopewa inauliza hivi: ikiwa ile tamthilia ya kwanza ya Star Trek ingetengenezwa upya leo, na kalamu ya kupanga waigizaji ikawekwa mkononi mwangu, ningempa nani nafasi ipi? Tamthilia yenyewe, ya wanamaji wa meli ya angani, sitaieleza kwa urefu, kwa sababu asiyeijua asingepanda daladala kuja hapa. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, ikakatizwa mwaka 1969 baada ya vipindi 79, na tangu hapo haijaacha kuzaa watoto na wajukuu. Ninachotaka kusema ni kwamba kila mtu anayejaribu zoezi hili huanza na nahodha Kirk, akaenda kwa Spock, akaenda kwa daktari, na wino ukiwa umekaribia kwisha ndipo anapomkumbuka Uhura, Mwafrika wa meli hiyo mwenye jina la Kiswahili. Mimi nasema orodha hiyo ipinduliwe. Uhura achaguliwe kwanza, achaguliwe kwa sikio, na wengine wote wapangwe kumzunguka yeye.

Wapo humu waliokwisha kunisikia nikilisema jambo hili Arusha na kwingineko. Watanivumilia, kwa kuwa bado halijafanyika.

Mtazameni Uhura kazini. Yeye ni ofisa wa mawasiliano. Ameketi nyuma ya nahodha, kifaa kimechomekwa sikioni, na kazi yake ni kusikiliza. Kabla meli haijaona chochote, yeye amekwisha kusikia. Hata hivyo, tangu mwaka 1966 wameshika nafasi hiyo waigizaji watatu wa kukumbukwa, yaani marehemu Nichelle Nichols, kisha Zoe Saldaña katika filamu ya mwaka 2009, kisha Celia Rose Gooding kuanzia mwaka 2022. Wote watatu ni hodari, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa katika lugha iliyompa mhusika huyo jina lake. Nichols namheshimu kuliko ninavyoweza kueleza kwa dakika nilizopewa. Kisa cha Martin Luther King kumsihi asiache kazi ile mnakijua, nakiruka. Ninachouliza ni juu ya nafasi itakayofuata.

Niwaambie jambo lililonitia katika hoja hii. Baba yangu na dada yake walizaliwa Pangani, pwani ya Tanga, na baba aliletwa Moshi na kazi ya reli. Shangazi alimfuata baadaye, akaishi Majengo hadi alipofariki, na kwa miaka yote hiyo mlima haukumbadilisha hata silabi moja. Mwaka 1995 ndugu yetu mmoja alirudi kutoka Marekani na mikanda ya video, tukakopa deki kwa jirani, tukakaa sebuleni kwa shangazi. Yeye hakuwa na habari na picha zetu. Alikuwa mkekani, ungo mapajani, anachambua mchele wa jioni, na kidole chake cha shahada kilikuwa kikisukuma chuya pembeni moja baada ya nyingine bila yeye kuinua macho.

Mkanda uliokuwa ukienda ni ule wa kipindi cha mwaka 1967, ambacho ndani yake chombo kiitwacho Nomad kinaingia melini, kinamsikia Uhura akiimba, hakielewi wimbo ni nini, na kinamfutia kumbukumbu zake zote. Msichana anabaki mtupu kichwani kama mtoto mchanga. Nesi anamketisha kumfundisha kusoma Kiingereza upya, kwenye somo la mbwa na mpira, na Uhura anakwama kwenye neno la rangi ya buluu. Anakasirika. Na anapokasirika, kinachomtoka ni Kiswahili.

Kidole cha shangazi kilisimama juu ya mchele.

Akauliza, "Huyo mtoto wa nani?" Nikamjibu kwamba ni mwigizaji wa Marekani. Akasema, "Rudisha." Deki ilikuwa ya zamani, ikanguruma, mkanda ukarudi, tukasikiliza tena. Akasema, "Rudisha." Mara ya tatu aliuweka ungo sakafuni, akakaa kimya kidogo, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, maneno ni yetu, lakini kinywa hakina kwao. Hakuwapo mtu wa kumkalia karibu akamwambia?"

Wengine husema shangazi alikuwa akimdharau mwigizaji yule. Hapana, alikuwa akimhurumia. Kwa mtu wa Pangani, Kiswahili bila kwao ni kama mgeni aliyefika mlangoni na hawezi kutaja ametoka kwa nani. Na kumbukeni hadithi yenyewe inadai nini pale. Mashine imefuta kila kitu kichwani mwa mwanamke huyu, elimu yake, cheo chake na kazi yake, na lugha inayotangulia kurudi alipobanwa ni ile aliyonyonya. Sijaona mahali pengine katika hadithi za kubuni za kisayansi palipopewa Kiswahili heshima kubwa kuliko hiyo. Waandishi walilijua jambo hilo, wakaliandika, kisha likakosa kinywa cha kulibeba.

Hapa huwa nakatizwa na hoja moja, na naiona tayari usoni mwa kijana yule wa mstari wa tatu. Atasema, mwalimu, kazi ya mwigizaji ni kuwa asiyekuwa. James Doohan alikuwa Mkanada, na bado alimwigiza Scotty, fundi mkuu wa meli na Mskoti, kwa lafudhi aliyojifunza mwenyewe. Ni kweli kabisa. Lakini Doohan alikuwa akisema na watu wanaoijua lafudhi hiyo, na kama angeiharibu, wangemwambia siku ya pili yake. Mwaka 1966 huku Tanzania Bara hapakuwa na televisheni hata moja ya kwetu. Tulisubiri hadi mwaka 1994. Msikilizaji wa Kiswahili hakuwa katika hesabu ya yeyote. Leo yumo. UNESCO inatuhesabu zaidi ya watu milioni 200, na mwaka 2021 ikaitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Udhuru wa mwaka 1966 umekwisha muda wake.

Hoja ya pili huja kwa sauti ya chini, hasa katika miji hii yetu: je, unamtaka mtu wa Pwani tu, na sisi tunaotoka Rombo, Machame na Meru, ambao Kiswahili chetu kina harufu ya kahawa na ndizi, hatufai? Sikusema hivyo, na sitasema. Uhura akiwa Mrombo na lafudhi yake ya Kirombo, shangazi angemuuliza ni wa kijiji gani, akajibiwa, mambo yakaisha. Kinywa chochote chenye kwao kinafaa. Kisichofaa ni Kiswahili kilichoandikwa kwenye karatasi asubuhi na kukaririwa mchana.

Na tukiwa hapo, nivumilieni kidogo juu ya jina. Nichelle Nichols alikuwa akieleza kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na kitabu mkononi chenye neno Uhuru katika jalada, na Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia, akalipenda neno hilo. Kisha irabu ya mwisho ikabadilishwa ili jina lilainike, liwe la kike. Kwa kanuni ya nani? Kwetu irabu ya mwisho haimtenganishi mwanamke na mwanamume, na mtu akiitwa Uhuru huulizwi jinsia yake mpaka umwone. Kama walitaka jina la kike lenye anga ndani yake, lilikuwapo tayari: Zuhura, jina la bibi zetu, na jina la sayari inayong'aa kabla ya alfajiri. Hata hivyo, silidai jina libadilishwe. Nyota Uhura limekwisha kuwa jina la watu, na jina Nyota, ambalo kwenye skrini lilisikika mara ya kwanza katika filamu ile ya 2009, ni zuri. Nataka tu mwigizaji ambaye akiitwa, anasikia maana kabla ya kugeuka. Asubuhi hii Kibo ilikuwa wazi. Kilele mlichokiona, mita 5,895, kilikuwa na jina la mfalme wa Ujerumani; mwenge ukawashwa pale juu Desemba 1961, kikaitwa Uhuru. Mtoto aliyekua akikitazama kila siku akienda kuchota maji hawezi kulitamka neno hilo kama mtu aliyelisoma jaladani.

Mtaniuliza, mwigizaji mmoja anaweza kubadilisha nini katika kazi kubwa kama hiyo? Mkumbukeni mzee John Kani wa Afrika Kusini. Alipopewa nafasi ya mfalme wa Wakanda katika filamu ya Captain America ya mwaka 2016, alileta Kixhosa chake mwenyewe, akazungumza nacho na Chadwick Boseman aliyeigiza mwanawe, na tangu hapo Kixhosa kikawa lugha ya nchi ile nzima ya kubuni. Mzee mmoja tu! Hakuna kamati iliyokaa. Walimchagua mtu sahihi, na lugha ikaingia pamoja naye mlangoni.

Sasa majina, maana mwenyekiti ameanza kuitazama saa.

Kila ninapofika hapa ukumbi hupiga kelele "Lupita!" Nami namtaka Lupita Nyong'o, ila simtaki kwa Uhura. Namtaka aketi kwenye kiti cha nahodha. Ana utulivu wa mtu ambaye akinyamaza wengine hunyamaza, na nahodha huongoza kwa kunyamaza zaidi kuliko kwa kusema. Kirk awe mwanamke, sioni shida, jina tutalitafutia dawa.

Uhura nampa Siti Amina wa Zanzibar. Wengi wenu mnamjua kwa taarabu na kwa ala yake ya udi, na aliigiza katika filamu ya Amil Shivji iliyotokana na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Sababu zangu ni nyepesi. Kwanza, Uhura anaimba. Katika tamthilia ya kwanza anaimba huku Spock akipiga kinubi chake, na Nichols mwenyewe alikuwa mwimbaji aliyewahi kuimba na bendi ya Duke Ellington kabla ya kuwa mwigizaji. Mwigizaji asiyeweza kuimba amepoteza nusu ya mhusika. Pili, fikirini kile kipindi cha Nomad kikichezwa naye. Chombo kinasikia taarabu, hakielewi jinsi mtu anavyoweza kusema jambo moja akimaanisha jingine, nacho kinaamua kumfuta. Na baadaye, anapokasirishwa na lile somo la mbwa na mpira, kinamtoka Kiswahili cha Unguja chenye mafumbo yake, na nesi haelewi neno. Hapo shangazi yangu asingeomba mkanda urudishwe kwa huruma. Angeuomba urudishwe kwa raha.

Spock awe Edi Gathegi, aliyezaliwa Nairobi akakulia California. Anajua kuwa na nyumbani kuwili ni nini, na Spock, mwana wa baba Mvulkani, mtu wa sayari nyingine, na mama binadamu, ndivyo alivyo. Daktari McCoy awe Daniel Kaluuya, ambaye macho yake hugombana hata midomo ikiwa imefungwa. Fundi mkuu awe Jacob Steven, JB wetu, kwa kuwa fundi anayelalamika kwamba kazi haiwezekani huku mikono ikiwa inaifanya tunamkuta gereji yoyote ya Moshi. Sulu na Chekov, wale wawili wa kuiongoza meli, nimewaandalia maelezo, ila muda hauruhusu.

Nimebakiwa na jambo la tafsiri, nalo nilitaka kulipa nusu saa. Wakija kuitia Kiswahili tamthilia hii, wasimwite Kirk "kapteni". Ni nahodha. Lugha hii ilikuwa na nahodha, serahangi, usukani, omo na tezi karne nyingi kabla ya mtu kuota kurusha meli angani, na neno letu "chombo" linabeba jahazi na kile kinachokwenda kwenye sayari bila kubadilishwa herufi. Hatuna haja ya kuazima. Wenye kutaka orodha ya maneno hayo wabaki baada ya kikao, ninayo kwenye daftari.

Maikrofoni iko kwa yule dada mwenye kilemba cha kijani. Mwenye mwigizaji wake wa kumpendekeza kwa Uhura asinionyeshe picha kwenye simu. Aniwekee sauti.