"Binti Kaenda Dar kwa Shangazi": Mhadhara kwa Watendaji wa Vijiji, Masasi

Ndugu watendaji wa vijiji na kata, walimu, mashehe, wachungaji, na makungwi ambao leo nimefurahi kuwaona viti vya mbele, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie hatua za serikali dhidi ya usafirishaji haramu wa watoto. Sheria nitaifikia, ila kwanza tuangalie kalenda. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, kidato cha kwanza hufunguliwa Januari. Miezi yote hiyo mtoto wa miaka 13 au 14 yuko nyumbani anasubiri matokeo, kisha shule ifunguliwe. Kama ni binti na ameshachezwa unyago, wapo wanaomwita mtu mzima. Huku msimu wa korosho umepamba moto, wageni wanaingia na kutoka, nani atauliza huyu kaondoka na nani?

Anayemchukua haji usiku na kamba. Anakuja mchana na doti ya khanga na kilo mbili za sukari, na mara nyingi ni wa ukoo. Anasema Dar kuna kazi nyepesi ya kulea mtoto, jioni atasomeshwa cherehani. Mjomba anaridhia. Na huku kwetu mjomba ndiye mwenye sauti juu ya mtoto; akisharidhia, baba atasema nini? (Kicheko.)

Sasa tuje kwenye Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo unyago hauongezi umri mahakamani. Tena inasema ridhaa ya mtoto, ya mzazi au ya mlezi si utetezi. Mtu akimchukua binti akamtumikishe, hawezi kusimama kizimbani akadai "mjomba wake alinikabidhi". Na kwa kuwa aliyesafirishwa ni mtoto, kosa linahesabiwa kuwa zito zaidi.

Zamani palikuwa na mwanya ulioniudhi sana: hakimu aliweza kutoza faini badala ya kifungo. Mwenye fedha alilipa, akarudi mtaani. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliuziba. Ilichukua miaka mingi mno, lakini ulizibwa.

Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi ina Sekretarieti inayoratibu kazi hii. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Halmashauri ina afisa ustawi wa jamii. Hayo mnayajua, siyarudii.

Kwa waathirika, sheria imeweka mambo mazuri. Mtoto aliyesafirishwa hashtakiwi kwa kosa alilotendeshwa kutokana na kusafirishwa kwake. Mahakama inaweza kuamuru alipwe fidia. Upo mfuko wa kuwasaidia, na zimetungwa kanuni za vituo vya kuwahifadhi. Ila tuseme kweli: vituo vingi vinaendeshwa na asasi za kiraia, na huku kusini maafisa ustawi ni wachache, wengine hawana usafiri.

Penye ugumu hasa ni kurudi. Binti anaokolewa Dar, anapandishwa basi, anasafiri zaidi ya kilomita 500, anashuka stendi. Anarudishwa nyumba ileile iliyomtoa. Sukari imeshanywewa. Wengine wanamuuliza kwa nini amerudi mikono mitupu. Akiwa amerudi na mimba, maneno ndiyo hayaishi. Baada ya miezi michache anaondoka tena, safari hii peke yake. Serikali ikihesabu kwamba imemrudisha mtoto kwao, hesabu hiyo haijakamilika mpaka awe darasani au kwenye ufundi, na awepo mtu wa kumtembelea.

Na hilo la "nitamsomesha" lisiwadanganye. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, kisha nafuu hiyo ikaongezwa mpaka kidato cha sita. Anayetaka kweli kumsaidia mtoto asome, amnunulie sare na madaftari hapahapa Masasi.

Wakati wa chai mzee mmoja wa Nanyumbu ameniuliza: tukimzuia kila mtoto kusafiri na ndugu, si tutauvunja undugu?

Mzee wangu, hakuna anayezuia likizo kwa shangazi. Ninachoomba ni daftari. Mtoto akiondoka kijijini, mtendaji aandike jina la anayemchukua, namba yake ya simu, mtaa anakokwenda na siku ya kurudi shule. Mwenye nia njema atayasema yote bila kununa. Baada ya wiki mbili piga, uombe kuongea na mtoto mwenyewe, si mwenyeji wake. Ukiambiwa kalala kila unapopiga, au simu imezimwa, usingoje minada ya korosho iishe. Piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, hailipiwi, kisha mweleze afisa ustawi siku hiyohiyo.