Pesa Iliyorudi Bila Jina

Ndugu zangu, asanteni. Wengi mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalisema tena: kodi ya kaboni, ile inayotozwa kwenye mafuta yanayochafua hewa, haichukiwi kwa sababu ni kodi tu. Inachukiwa pale mtu anapoona inavyotoka mfukoni, asione inavyorudi.

Hapa Ontario, Kanada, tulianza kuilipa mwaka 2019. Kufikia 2024 ilikuwa senti 17.6 kwa kila lita ya petroli, na hakuna asiyejua. Jirani yangu, mama wa watoto wawili, yeye na mumewe, alinisimamisha mlangoni Aprili ile: "Kaka, wanatumaliza na kodi hii!" Nikamwomba afungue simu, tuangalie akaunti yake ya benki. Akawa anashusha kidole, mstari kwa mstari. Tarehe 15: dola 280 zimeingia. "Na hizi?" Akasema, "Hizo si za watoto?" Za watoto zilikuwa mstari mwingine kabisa; hizi zilikuwa marejesho ya kodi ya kaboni, pesa ambazo serikali iliwarudishia wananchi.

Tukachukua kalamu. Anajaza lita 50 kwa wiki. Kwa wiki 13 ni lita 650, kodi yake dola 114 na ushei. Tukaongeza ya gesi ya kupashia nyumba joto. Bado hatukuifikia 280. Akakaa kimya, kisha akaniuliza, "Sasa kwa nini hawakuandika?"

Swali hilo silisahau. Bei ya sheli inawaka taa kubwa barabarani, usiku na mchana. Marejesho yaliingia mara nne kwa mwaka, kimyakimya, kwa jina ambalo hata mhasibu lingemshinda.

Najua kuna anayesema moyoni: kama watazirudisha, wanachukua za nini? Jamani! Marejesho hayakuuliza umechoma lita ngapi. Familia ya watu wanne yenye magari matatu na familia ya watu wanne inayopanda basi, hapa Ontario mjini, zilipata kiasi kilekile. Ya basi ikabaki na chenji. Na ulipopunguza kuchoma, hakuna aliyekupunguzia marejesho. Nimelieleza hili mpaka sauti imekauka, na nitaendelea kulieleza.

Mwaka 2024 ndipo jina likabadilishwa, neno kaboni likatajwa waziwazi. Maji yalikwishazidi unga. Tarehe 1 Aprili 2025 serikali ya Kanada chini ya Waziri Mkuu Mark Carney ikaiondoa kodi hiyo kwenye mafuta ya wananchi, na mwezi huohuo marejesho ya mwisho yakaingia. Jirani akanipigia mwenyewe: "Kaka, zile za kaboni zimeingia. Ndiyo basi tena?"

Ufaransa naipita haraka. Mwaka 2018, waandamanaji wa vizibao vya njano waliipinga kodi ya mafuta: sehemu kubwa ya mapato ilimezwa na mfuko mkuu wa serikali, na mtu wa kijijini asiye na treni akaona anakamuliwa tu. Nyongeza iliyopangwa ikafutwa.

Naonyeshwa saa. Uswisi, basi, kwa neno moja: karibu theluthi mbili ya kodi yao hurudishwa kwa wananchi na makampuni, na fungu la wananchi hupunguzwa kwenye bili ya bima ya afya. Wengi wao nao hawajui.

Mama wa kule nyuma, karibu, uliza.