Jirani Tusiyemjua: Maandalizi ya Safari ya Kwanza Komoro

(Mhadhara uliotolewa Upanga, Dar es Salaam)

Asalaam aleikum. Habari za jioni. Waandaaji wamenipa dakika arobaini, lakini lile feni likizimika tena nitawapunguzia ziwe ishirini.

Nianze na swali. Nani humu ameshafika Dubai? Naona mikono mingi. Guangzhou? Bado mingi, wafanyabiashara mmejaa. Komoro je? Mkono mmoja. Na wewe mama nakufahamu, wewe ni Mngazija, ulizaliwa huko. Hiyo haihesabiki.

Sasa hebu oneni. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Hahaya, uwanja wa ndege wa Ngazija, kisiwa kikuu cha Komoro, ni mwendo wa saa moja na nusu, ukizidi sana mbili. Hata saa yako ya mkononi huigusi, maana majira ni yale yale. Chama cha MOLINACO, kilichodai uhuru wa visiwa hivyo kutoka kwa Wafaransa, kiliundwa hapa hapa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1960, na uhuru wenyewe ukaja tarehe 6 Julai 1975. Machi 2008 askari wetu walishuka kisiwa cha Nzuani pamoja na wa Sudan kulisaidia jeshi la Komoro kumng'oa Kanali Mohamed Bacar, mtawala wa kisiwa hicho. Vijana wetu wameingia kule na bunduki, sisi hatujaingia hata na begi la nguo.

Mimi nimefundisha Kiswahili sekondari miaka mingi, nikastaafu, na safari yangu ya kwanza ya kustaafu nikaamua iwe huko. Sikujiandaa. Nilijiambia: Waislamu wenzetu wa pwani, wanakula wali wa nazi, wanavaa kanzu na kofia, lugha yao ni ndugu wa yetu, nijiandae na nini? Kama ningekwenda Japani ningesoma vitabu vitatu. Kwa Komoro nilifunga begi usiku wa kuamkia safari. Yote yaliyonipata, na ninayokuja kuwaeleza jioni hii, yalitokana na huko kudhani kwamba nakwenda nyumbani.

Tuanze na lugha, maana ndiyo iliyoniumbua kwanza. Asubuhi ya siku ya kwanza nimetoka kutembea Moroni, mji mkuu, nimeingia duka dogo karibu na soko la Volo Volo kununua maji. Muuzaji kijana, hana hata ndevu. Nimempa noti, akanirudishia chenji, akaniambia, "Marahaba." Nikasimama. Mimi na mvi zangu hizi, nimemwamkia saa ngapi huyu mtoto hata aniitikie marahaba? Nikamkazia macho ya kimwalimu. Naye akatabasamu, akarudia: "Marahaba, marahaba!" Nimefika mlangoni ndipo mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kiti akanieleza kwa Kiswahili safi cha Unguja kwamba kwao marahaba ni asante. Kijana ananishukuru, mimi namnunia.

Kwa hiyo msidanganyike. Wanaita lugha zao Shingazija, Shinzuani, Shimwali na Shimaore. Hiyo shi- yao ndiyo ki- yetu. Mtu kwao ni mndru, tatu ni ndraru, tano ni ntsanu. Ukiambiwa taratibu unanasa. Ukiwaachia waongee wenyewe kwa wenyewe, unasikia kama redio iliyo pembeni kidogo ya stesheni: sauti unaijua, maneno yanakuponyoka. Saba ni mfukare, na hapo hakuna cha kubahatisha. Andika namba moja hadi kumi kwenye karatasi kabla hujaenda sokoni. Kifaransa kinatumika maofisini na kwenye fomu, Kiarabu nacho ni lugha rasmi, lakini Kiswahili utakipata kwa watu wa rika fulani na kwa wafanyabiashara wanaokuja Kariakoo. Nilichojifunza ni kumuuliza mtu kwanza kama amewahi kukaa Dar au Zanzibar. Akisema ndiyo, shida yako imekwisha, na huenda ukalishwa mchana huo huo.

Pesa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Watanzania wa siku hizi tumeharibika. Tunatoka nyumbani na simu tu. Kule laini yako ya hapa haitakununulia hata andazi. Hoteli niliyofikia, sitaitaja, mashine ya kadi ilikuwepo mapokezini, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni ya zamani. Nikatoa kadi. Yule binti akaiangalia kadi, akaiangalia mashine, akaniangalia mimi, kwa huruma. Nilikuwa na dola chache tu za dharura, na dharura ikawa imeshafika kabla sijalala hata usiku mmoja.

Bebeni euro, taslimu, noti safi. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro kwa kiwango kisichobadilika, euro moja kwa faranga 492 hivi, kwa hiyo ukitajiwa bei gawanya kwa mia tano kichwani, unapata euro yako. Shilingi zetu acheni nyumbani. Na faranga zikikubakia, zitumie huko huko kabla ya kupanda ndege. Mimi nilirudi nazo, nikazungusha maduka ya fedha hapa mjini bila kupata wa kuzipokea, na sasa wajukuu wangu wanachezea duka.

Karatasi za safari hazina maneno mengi. Pasipoti iwe na miezi sita mbele. Viza hutolewa ukifika Hahaya na ada hutozwa palepale, lakini Komoro wana ubalozi hapa Dar, na taratibu za viza hubadilika kila nchi, kwa hiyo piteni mkaulize kabla ya kukata tiketi. Kadi ya njano ya chanjo tia ndani ya pasipoti. Muulizeni daktari kuhusu malaria, ipo. Na bima msiidharau. Wangazija wenyewe wakiugua sana hupanda ndege kuja kutibiwa Dar. Fikirieni wewe unayetoka Dar ukaugulia kule.

Sasa ramani. Visiwa ni vinne: Ngazija, Nzuani, Mwali na Maore. Dola ya Komoro ina vitatu. Maore, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Mayotte, ilibaki na Ufaransa, na tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu kijana mmoja aliwahi kuniambia ana mpango wa kufika Nzuani kisha "avuke tu" aone na Maore. Mwanangu, pale ni mpaka wa Ulaya katikati ya Bahari ya Hindi. Unahitaji viza ya Ufaransa iliyotolewa kwa ajili ya kisiwa hicho. Watu wanaovuka kwa siri hupanda vile viboti wanavyoviita kwasakwasa, na miaka nenda miaka rudi vinazama na watu wake. Nilikutana Mutsamudu, mji mkuu wa Nzuani, na mama aliyewapoteza wanawe wawili. Hatukuzungumza mengi.

Kati ya visiwa hivyo vitatu kuna boti na kuna ndege ndogo, na hapa ndipo niliposhikwa vibaya. Nilipanga kama tunavyopanga kwenda Zanzibar: boti ya asubuhi toka Nzuani, ndege ya Dar jioni yake. Boti haikuondoka asubuhi. Haikuondoka mchana. Karani wa kampuni, na kampuni nayo siitaji, kila nikimuuliza ananijibu "inshallah" kwa upole ambao huwezi kuukasirikia. Kesho yake bahari ilikuwa imechafuka. Nilifika Ngazija siku mbili baadaye, ndege yangu ilishaondoka zamani, tiketi nikalipia upya. Tangu hapo namwambia kila mtu: ukirudi kutoka kisiwa kingine, acha siku mbili kamili Ngazija kabla ya ndege ya nyumbani. Siku mbili, si moja.

Wakati wa kwenda mnaujua wenyewe, pepo ni zile zile za kwetu. Kaskazi huleta joto na mvua, kusi kuanzia Mei hadi Oktoba huleta ukavu na ubaridi kidogo. Lakini Julai na Agosti wana mambo yao. Ndio msimu wa Wakomoro wa Ufaransa, hasa wale wa Marseille, kurudi kufunga ile ndoa kubwa, *anda*. Mtu anaweza kuwa na mke na watoto wakubwa, lakini asipofanya anda bado hajakamilika mbele ya wenzake, hata kwenye bangwe, ule uwanja wa mji wanapokaa wazee, ana mahali pake pa kukaa kulingana na hilo. Akiba ya miaka mingi huondoka kwa wiki chache. Tiketi hupanda na vyumba hujaa. Kwa upande mwingine, ukienda wakati huo ukampata mwenyeji, utasikia twarab hadi alfajiri na utaona dhahabu ambayo kwetu tunaiona kwenye madirisha ya masonara tu. Mimi ningekwenda wakati huo huo, na ningekata tiketi mapema.

Mkishuka, kumbukeni magari yao yanapita kulia. Hili nililijua, niliwahi hata kulifundisha, lakini shingo haikulijua. Nimesimama ukingoni mwa barabara ya pwani, nikatazama kulia kama nilivyozoea Morogoro Road, nikaona kweupe, nikaingia. Pikipiki ikatokea kushoto. Mtu alinivuta kanzu kwa nyuma, na mshono ulioachia bado upo, sijaupeleka kwa fundi.

Ngazija haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mawe ya volkano yanakunywa mvua yote, kwa hiyo nyumba nyingi huvuna maji ya paa na kuyaweka kwenye birika kubwa za saruji. Ukikaribishwa nyumbani kwa mtu, usioge kama uko Masaki. Mwenyeji wangu hakusema kitu, lakini jioni ya pili niliona ndoo yangu imepungua kina kwa vidole vinne, nikaelewa. Mlima wenyewe unaoyanywa hayo maji ni Karthala, mita 2,361, na uko hai. Mara ya mwisho ulilipuka kati ya 2005 na 2007. Vijana wenye magoti yao hupanda kwa siku mbili na mtu wa kuwaongoza. Mimi niliutazama kutoka barazani, nikaridhika.

Kuna kitu kimoja nawaomba msikikose, nacho hakina gharama kubwa: jumba la makumbusho pale Moroni. Ndani yake yupo samaki wanayemwita gombesa. Wataalamu walidhani ametoweka tangu enzi za madinosaria, hadi alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili akavuliwa Nzuani, Desemba 1952, na profesa Smith wa Afrika Kusini alimfuata kwa ndege ya jeshi aliyopewa na waziri mkuu wake. Wavuvi wa Komoro walishangaa kelele zote zile, maana wao walikuwa wakimvua siku zote na wala hawakumpenda, nyama yake mafuta tupu. Wavuvi wetu wa Tanzania nao wakaanza kumpata mwaka 2003. Ana mapezi yenye mikono, mizito, kama mtoto anayetambaa. Nilisimama mbele yake hadi mlinzi akaja kuniuliza kama niko salama.

Na Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote, kwenye kijiji cha Itsamia, kasa hupanda ufukweni usiku kutaga, na wanakijiji wenyewe ndio walinzi. Tochi yenye mwanga mweupe hairuhusiwi. Unakaa gizani, unasikia mchanga ukirushwa, fyaa, kimya, fyaa, na pumzi yake kama ya mtu aliyebeba gunia.

Siku ngapi? Naona dada ameandika swali hilo kwenye karatasi. Kumi na nne kama unataka visiwa vyote vitatu. Wiki moja, baki Ngazija, usijitese na boti.

La mwisho ni mizigo. Nendeni na nafasi kwenye begi, kwa sababu mtatumwa. Mtu akishajua unarudi Dar, habari inazunguka mji mzima. Asubuhi ya kuondoka dereva aliyekuwa ananipeleka Hahaya alisimamisha gari njiani, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa leso, akasema dada yake amelazwa Dar, nimfikishie. Kanuni ni moja: kifunguliwe mbele yenu wote wawili, chote, hadi chini, na mwenye nacho asione haya. Alikifungua yeye mwenyewe juu ya boneti. Mashuka mawili, chupa ya mafuta ya nazi, na mkate wa sinia uliokuwa bado na joto. Nikamuuliza hospitali gani. Akanionyesha jina lililoandikwa kwenye karatasi. Ni vituo viwili vya daladala kutoka kwangu, na nilikuwa napita mbele yake kila Jumamosi nikienda sokoni.

Haya, maswali. Mama Mngazija, nawe unisahihishe nilipokosea.