CD4 si namba tu

NEEMA: Karibuni tena. Tuko Kirumba, hapa Mwanza, dirisha tumelifunga kwa sababu ya honi za bodaboda, kwa hiyo mkitusikia tunahema mjue ni joto. Mimi Neema, na huyu ni kaka Doto, mtu wa maabara.

DOTO: Mwangaluka, wasikilizaji.

NEEMA: Kaka, miaka yote mtu akitoka CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, anaulizwa, "CD4 zako ngapi?" Mia mbili, mia tano. Hicho kinachohesabiwa ni kitu gani hasa?

DOTO: Ni protini. Imesimama juu ya utando wa baadhi ya seli T, ambazo ni seli nyeupe za kinga. Ile namba ni hesabu ya seli zenye protini hiyo ndani ya maikrolita moja ya damu. Tangu 2016 hapa Tanzania mgonjwa anaanzishiwa dawa bila kusubiri CD4 zishuke, ndiyo maana siku hizi mazungumzo yamehamia kwenye wingi wa virusi. Lakini dada, seli haikuvaa CD4 ili sisi tuihesabu! Ina kazi yake.

NEEMA: Kazi gani?

DOTO: Ngoja nianzie kwenye kipokezi chenyewe. Seli T inamtambua adui kwa kipokezi chenye minyororo miwili ya protini, alfa na beta. Hiyo ndiyo inayogusa kipande cha kirusi au cha mnyoo kinapoonyeshwa juu ya seli nyingine. Jeni za kipokezi hiki zilipatikana 1984, na picha za kwanza za namna kinavyokaa juu ya kile kipande zikatoka 1996. Sasa mimi kinachonishangaza hadi leo ni mikia yake. Kwa ndani ya seli, mikia ya alfa na beta ni mifupi mno. Kipokezi kinatambua, ila hakina njia ya kupeleka habari.

NEEMA: Habari inapelekwa na nani?

DOTO: CD3. Minyororo sita inayoandamana nacho: gama, delta, epsiloni mbili, zeta mbili. Jumla inakuwa minane. Mikia ya hiyo sita ina sehemu kumi ziitwazo ITAM, na kila ITAM ina tairosini mbili, yaani vijenzi viwili vya protini vinavyoweza kubandikwa fosfati. Kimeng'enya kiitwacho Lck kinabandika fosfati kwenye hizo tairosini. Na Lck inakaa wapi? Imejishikiza kwenye mkia wa CD4.

NEEMA: Aah! Kwa hiyo CD4 ndiyo inayoibeba.

DOTO: Inaibeba hadi ilipo CD3. Fosfati zikishabandikwa, kimeng'enya kingine, ZAP-70, kinatua hapo na kuamshwa, nacho kinabandika fosfati kwenye protini iitwayo LAT. Baada ya hapo kalsiamu inajaa ndani ya seli na jeni za kinga zinawaka.

NEEMA: Na VVU anaingilia wapi?

DOTO: Kwenye ncha ya CD4. Muundo wa gp120, protini ya nje ya kirusi, ikiwa imeshikamana na CD4 ulichapishwa 1998. Kirusi kinashika sehemu ileile ya nje kabisa ambayo CD4 huitumia kuishika seli nyingine. Kimechagua mahali ambapo seli haiwezi kupabadilisha hivihivi bila kupoteza kazi yake. Ujanja wa kuudhi.

NEEMA: Na sisi wa Mwanza tumo kwenye historia ya VVU, jamani. Utafiti wa vijijini mkoani kwetu uliochapishwa 1995 ulionyesha kuwa kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya kwa karibu asilimia 40.

DOTO: Huo tuuwekee kipindi chake.

NEEMA: Haya. Ila seli zetu zinaonyesha pia vipande vya protini za mwili wenyewe, tena vingi kuliko vya adui. Kipokezi kinatofautishaje?

DOTO: Kwa muda. Umewahi kuvua kwa mshipi? Kidole kinasikia kila kitu, hata gugu likipita, lakini huvuti mpaka uzito ukae. Kipande cha mwili kinagusa na kuachia upesi, fosfati hazijafika mbali. Cha adui kinakaa sekunde kadhaa, hatua zote zinakamilika.

NEEMA: Na je, kipokezi kinabadilika umbo kikishashika?

DOTO: Hapo wanasayansi wamegombana sana. Muundo wa minyororo yote minane ulionekana 2019 kwa hadubini ya elektroni, sampuli ikiwa imegandishwa kwa baridi kali. Mikia ya ndani haikuonekana, maana inachezacheza. Mwaka 2022 wengine wakapiga picha kikiwa kimeshika antijeni, yaani kile kipande kinachoonyeshwa, na umbo likawa karibu lilelile.

NEEMA: Basi hakibadiliki.

DOTO: Si haraka hivyo. Ili ukitoe kwenye utando unatumia sabuni za maabara, na sabuni inaondoa mafuta yanayokizunguka. Watafiti wa Marekani wakakirudisha ndani ya mafuta yanayofanana na ya utando, wakaona kipokezi kilichotulia kimejikunja, kikishika antijeni kinafunguka. Mimi niko upande wa hao. Picha ya kipokezi kilichovuliwa utando wake siiamini sana.

NEEMA: Na wanaobisha?

DOTO: Waje na picha yao, ila iwe ndani ya mafuta.